Ng'ombe Wako Hawakununua Jina la Nyangeta

Bibi,

"Tulipeleka chuo kikuu mtoto anayejijua, wameturudishia mtoto asiyejijua." Hayo aliyasema Mzee Manyama, mtoto wa shemeji yako, kando ya jeneza lako, kaburi likiwa bado wazi, kofia mkononi, kwa ile sauti yake ya mwalimu mkuu mstaafu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nasubiri kukufukia kwa mikono yangu, nikaona si mahali pa kubishana. Lakini unanijua, kunyamaza sijawahi kukuweza. Kwa hiyo namjibu leo, na barua hii nitaisoma kwa sauti hapo uani kwako Butiama siku ya kunyoa, tutakapomaliza matanga, yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele kama kawaida yake.

Jibu langu ni kwamba si kweli. Mtoto tuliyempeleka chuo alikuwa hajijui hata kidogo. Alikuwa anatutii. Mzee Manyama amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na mpaka leo anadhani mtoto aliyenyoosha mstari ndiye aliyeelewa somo.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana wewe ulikuwa umelala na hukusikia. Na niwaeleze pia rafiki zangu wa Musoma mjini watakaokuja siku hiyo, ambao mambo ya kwetu hawayajui vizuri. Watanisamehe nikianzia mbali.

Ulikuwa mjane bila mtoto, na ndugu za mumeo walianza kuupima ua wako kwa macho. Hukulia. Ulilima pamba kule Buswahili msimu baada ya msimu, ukaigeuza pamba kuwa ng'ombe, na ng'ombe ukawapeleka Mugeta, ukaoa msichana. Msichana huyo ni mama yangu. Sisi tunaiita nyumba ntobhu: mwanamke anaoa mwanamke ili mji wake usife. Mwanamume alikuja, watoto wakazaliwa, akaenda zake. Mtu huyo hatajwi. Hana dai. Haulizwi. Watoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe, na jina ni lake. Ndiyo maana mimi ni Magesa Wakuru, na binti yangu ni Nyangeta Magesa Wakuru. Nilikuita Bibi kwa sababu ya mvi zako, kama kila mtu alivyokuita. Lakini kwa taratibu za kwetu wewe ni baba yangu.

Sasa, siku ya mazishi, Nyangeta alipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wajukuu. Yuko mwaka wa pili chuoni, anajua kusimama mbele za watu. Alianza vizuri. Alisema juu ya kiko chako, na jinsi ulivyombeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inagusa magoti yako na bado ulikataa kumshusha. Watu wakacheka huku wanalia. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Bibi alitupa jina, nashukuru. Lakini kuna mtu alitupa damu, na mimi nataka kumjua. Anayejua namwomba aniambie, kabla na yeye hajafa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapakua ugali aliacha mwiko ndani ya chungu. Ndipo Mzee Manyama aliposimama na kusema hayo niliyoanza nayo.

Hakuishia hapo. Wiki iliyofuata alituma mtu kwangu Buhare na ujumbe. Siku ya kunyoa kila mjukuu husimama, hutaja jina lake na nyumba yake, ndipo wembe hupita kichwani. Basi Nyangeta naye atasimama, atasema "Wakuru," na atawaomba wazee radhi kwa swali lake. Asipofanya hivyo hatanyolewa. Asiponyolewa si wa nyumba hii, na kwa kuwa mimi ndiye mwanao wa kiume pekee na sina mtoto mwingine, wazee watahesabu kwamba nyumba ya Wakuru imefungwa. Halafu aliniletea na agizo langu mimi: "Wewe ndiye baba yake. Mwamuru."

Sitamwamuru, Bibi. Nakuambia mapema ili usije ukashtuka.

Nimesoma vitabu vingi vya watu waliochunguza vijana wa umri wa chuo. Vingi vimeandikwa na watu wa mbali na kwetu, nina ugomvi navyo na nitaufikia. Lakini jambo moja wameliona sawasawa. Wanasema kuna kijana anayepewa nafsi yake na wakubwa kama anavyopewa sare ya shule. Anaivaa, anafunga vifungo, hajiulizi kama inambana. Kwa nje huyo ndiye anaonekana ametulia kuliko wenzake, na wazee humpenda. Siku sare ikichanika hana kitu ndani. Kuna mwingine anayeivua. Anajaribu hii, anajaribu ile, anaudhi wazazi, anabadilisha marafiki, dini, mwandiko, mpaka namna ya kucheka. Wanaomtazama wanasema amepotea. Hajapotea, yuko kazini. Kujitafuta ni kazi kama kupalilia pamba, na atakayekuambia haina jasho hajawahi kuifanya.

Na kwa nini chuoni? Mzee Manyama anadhani wahadhiri ndio wanaomwaga sumu. Wahadhiri! Wengi wao hawajui hata majina ya wanafunzi wao. Chuo kinamgeuza mtoto wa Butiama kwa sababu moja ndogo: ni mahali pa kwanza anapokutana na watu ambao hawajui tayari yeye ni nani. Hapa kwetu Nyangeta hakuwahi kuulizwa jina. Akipita njiani watu walisema, "Huyo wa kwa Wakuru," na mambo yakaishia hapo. Kule, msichana wa kitanda cha juu alimwuliza siku ya kwanza: wewe nani, wa wapi, na Wakuru ni jina la babu yako? Huwezi kusema mtu ana jibu kama hajawahi kuulizwa swali.

Najua hili kwa sababu mimi mwenyewe nilipita humo humo. Unaikumbuka miaka ile ya foleni za sabuni na unga wa njano, nilipoacha ualimu wa kijijini nikakuachia mke wangu na Nyangeta akiwa bado ananyonya. Mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa Petro, jina la ubatizo, na nilimwambia kila mtu kwamba baba yangu alikufa vitani. Vita vilikuwa vimeisha juzijuzi, nani angehoji? Nilikuwa nalala chumba kimoja na Salumu, mtoto wa fundi cherehani wa Musoma mjini, huyu huyu mwenye duka la vitambaa leo. Siku moja alinisikia nikiwasimulia watu habari za marehemu baba yangu askari. Akasubiri wametoka, akafunga mlango. "We Petro," akasema, "huyo baba yako aliyekufa vitani si ndiye aliyenipa viazi juzi pale stendi?" Ni wewe uliyempa, siku uliyonisindikiza ukamwambia kwamba wewe ndiye baba yangu. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Mwaka wa pili nilikuwa mwanamapinduzi. Nilifuga ndevu, nikavaa kaki, nikatangaza kwamba sina ukoo, mimi ni mtoto wa tabaka la wakulima wa dunia nzima. Mwaka wa tatu nikamvua Petro, nikawa Magesa tu, nikakataa hata kushika uma kwenye bwalo. Leo wenzangu wa rika langu wanasimulia mambo kama hayo kwa aibu, kama mtu anayesimulia ulevi wake. Mimi siombi radhi kwa hata moja. Zilikuwa nguo nilizozijaribu, na ningejuaje kwamba hazinitoshi kama nisingezivaa?

Ni mwaka huo wa tatu mhadhiri wetu, msomi wa kweli aliyesomea Ulaya, alipotuambia kwamba kijana aliyekulia nyumba isiyo na baba hana kioo cha kujitazama, na utu wake hubaki nusu. Huo ndio ugomvi wangu na vile vitabu. Wanajua kwamba kijana hujitafuta, lakini wanadhani mahali pa kutafuta pamewekewa ramani na ramani yenyewe wanayo wao. Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, mimi baba ninaye. Anavaa khanga na anavuta kiko." Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Akaniuliza kama nafanya mzaha. "Ng'ombe walitoka, Mwalimu," nikasema. "Kwetu ng'ombe wakishatoka hakuna mzaha." Salumu akadakia kutoka nyuma: "Ni kweli, na viazi vyake vitamu!"

Siku ile, Bibi, ndiyo nilikuwa mtoto wako. Siku niliyozaliwa nilikuwa tu mtoto aliyepatikana ndani ya ua wako. Siku ile, watu wamenigeukia wote, wengine wanacheka mpaka wanafuta machozi, nilikuchagua. Nisingeweza kukuchagua kama nisingekuacha kwanza.

Nilipokuja likizo nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuambia kwamba Petro amekwisha, nitaitwa Magesa. Ulikuwa unamenya viazi. Hukuinua hata uso. "Mimi nilikuitaga Magesa kabla padri hajakuita Petro," ulisema. "Umezunguka sana kufika hapa mlangoni. Kaa ule." Hayo ndiyo mafundisho yote ya saikolojia ninayohitaji, na uliyatoa ukiwa na kisu mkononi.

Sasa nigeuke kwako. Usidhani kwa kuwa umekufa utapona.

Ulipokuja kwangu Buhare kutafuta matibabu, ulisikia kwamba Nyangeta huko chuoni anajiita Nyangeta Magesa tu, jina lako halisemi. Uligeuka ukutani ukasema: "Akilikataa jina langu, ng'ombe wangu walikufa bure." Ulikuwa mgonjwa, sikukujibu. Leo nakujibu.

Ng'ombe wako hawakufa bure. Walimleta mama yangu, wakanileta mimi, wakakupa mikono ya kukulisha na mikono ya kukufukia. Waliwanyamazisha ndugu waliokuwa wanakupimia ua. Hiyo ni kazi kubwa kwa ng'ombe. Lakini hawakununua kichwa cha Nyangeta. Hakuna pamba inayoweza kulimwa Buswahili ikatosha kununua kichwa cha mtu. Wewe mwenyewe ulikataa kuwa vile ukoo ulivyosema uwe. Walisema uwe mjane anayelala kona ya ua wa shemeji, ukasema hapana, mimi nitakuwa mume. Mume! Ulijitafuta, ukajipata mahali ambapo hakuna mwanamke wa umri wako aliyethubutu kutazama. Halafu unataka mjukuu wako akae ulipomweka? Hapana, Bibi. Umemwambukiza wewe mwenyewe.

Nilimkuta anaosha masufuria kesho yake baada ya mazishi. Nilikuwa na hasira, nikiri, maana swali lake liligusa mahali ambapo mimi sijawahi kugusa. Akaniambia bila kuniangalia: "Baba, simkatai Bibi. Nataka tu kujua hii pua nimeitoa wapi. Wewe hujiulizagi?" Nikamwambia sijiulizi. "Basi una bahati," akasema. "Au unaogopa." Nikamwambia aangalie masufuria yake.

Labda naogopa. Sitaki kumjua yule mtu. Hiyo ni haki yangu, nimeifanyia kazi, nimefika nilipofika na nimeridhika. Lakini mahali nilipofika mimi si lazima pawe mahali pa kuanzia pa binti yangu, na akipita njia ile ambayo mimi niliikwepa, hajanitukana. Inaniuma, ndiyo. Maumivu yangu si hoja. Mzee Manyama naye ajifunze hilo: kuumia kwako si hoja.

Na kuna unafiki hapa ambao lazima niuseme, kwa sababu waliojaa uani kwako ni watu wazima na wanajua ninachozungumza. Tumefungua kila kitu. Pamba inanunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani yake mwenyewe. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi wa ziwani tunapigania mapanki, mifupa inayobaki, na tunaambiwa hilo ni soko. Vyama viko vingi, chagua. Redio ziko nyingi, chagua. Mitumba imerundikwa mnadani, inama, chagua. Ada ya chuo sasa tunachangia, lipa, na ukichagua vibaya ni shauri yako. Vijana wetu tumewaambia wachague kuanzia soksi mpaka Rais. Lakini msichana mmoja akichagua kuuliza babu yake ni nani, ghafla tunakumbuka mila, ghafla uhuru una mipaka. Mzee Manyama mwenyewe siku hiyo ya mazishi alikuwa amevaa koti la mtumba lenye nembo ya shule ya watu wengine huko Ulaya. Yeye anaruhusiwa kuvaa jina la watu asiowajua. Nyangeta haruhusiwi kumtafuta babu yake.

Tangu uondoke mambo si mengi. Lori la wanunuzi limeharibu ule mkonge wako uliokuwa alama ya mpaka, nimepanda mwingine. Kiko chako kiko juu ya mlango, hakuna anayethubutu kukigusa. Na mama amehamia chumbani kwako. Hakumwomba mtu ruhusa. Alibeba mkeka wake akaingia.

Mama. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nimezunguka kwa sababu ni pagumu.

Nyangeta alipouliza lile swali, na Mzee Manyama alipomaliza kufoka, watu wote tulikuwa tumeangalia upande mmoja bila kupanga. Tulimwangalia mama. Alikuwa amekaa chini karibu na miguu ya jeneza, pale ulipolala, mke wako. Mwanamke aliyeletwa hapa akiwa msichana mdogo, aliyelima na wewe, aliyekupikia, aliyekufunika khanga ya mwisho. Nilitegemea atainamisha kichwa. Alimwangalia mjukuu wake akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha Mugeta: "Mjukuu wangu, umeuliza vizuri. Miaka yote hii hakuna aliyeniulizaga."

Mzee Manyama akasema wimbo uanze. Wimbo ukaanza. Tukakuzika.

Hakuna aliyemwulizaga, Bibi. Hata mimi, msomi wa nafsi za watu, ninayeandika magazetini na kugombana na kila mtu. Nilidhani ule ukimya ulikuwa unakulinda wewe na jina lako. Kumbe ulikuwa umemfunika mtu hai. Alikuwa na umri wa msichana wa mwaka wa kwanza wakati watu walipomwambia: kuanzia leo wewe ni mke wa Wakuru. Sare yake alivikwa na hakuna aliyemwuliza kama inambana. Sijui atasema nini akipewa nafasi. Inawezekana atasema alikupenda. Inawezekana atasema jambo litakalonitoa machozi mbele za watu. Nyangeta ndiye aliyefungua mlango huo, akiwa na umri wake mdogo na masomo yake ya mwaka wa pili, na eti ndiye asiyejijua.

Nakuahidi mambo haya na ninayasema kwa ukali ule ule ulionilea nao. Jina lako nitalibeba mimi mpaka nami nifukiwe, na atakayelicheka atanikuta nimesimama kama nilivyosimama ukumbini. Ua wako hautafungwa maadamu mimi napumua. Na binti yangu sitamlazimisha kulibeba, hata wewe uje uniamshe. Akilibeba siku moja, utajua kwamba amelibeba mwenyewe, na litakuwa zito na zuri kuliko lile tulilomvika akiwa mtoto. Asipolibeba, bado ulimbeba mgongoni, na hilo hakuna jina linaloweza kulifuta.

Pumzika sasa, Baba. Nimekuita hivyo mbele ya watu wote, wasikie.

Na ninyi, Mzee Manyama na wazee wenzako mliokaa kiti cha mbele, maneno yangu kwake yamekwisha, nabaki na madai. Nyangeta anasimama sasa hivi. Msimkatize. Akisema "Wakuru," mnyoeni. Akisema jina jingine, mnyoeni vilevile. Akisema hajui bado, mnyoeni, kwa sababu ni kichwa kile kile kilichomlilia Wakuru. Radhi haombi. Akishakaa, msianzishe wimbo. Wekeni wembe chini, mgeuze viti vyenu mwelekee kule mlangoni alipokaa mama yangu, na mmwulize.